Mpini Kwenye Nusu ya Kwanza

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo, na imeanza na mimi. Paa la ofisi linavuja juu ya meza yangu. Si juu ya meza ya bosi, wala juu ya lile kabati bovu lisilo na kazi. Nimesogeza meza, na tone nalo likasogea. Sasa naandika na ndoo ya kudekia katikati ya miguu.

Barua mbili zimefika kwa pamoja kutoka ofisi mbili za hataza za ng'ambo, zote kuhusu breki ya kaka. Nimeanza kuandika humu kwa sababu bosi ameniambia nikipiga kelele tena ofisini ataniandikia barua ya onyo. Basi kelele zangu nitazipiga humu.

Kaka yangu ni fundi wa kuchomelea. Ametengeneza breki ya mkokoteni: ukiachia mpini, mpini unarudi juu na gurudumu linafungwa papo hapo, mkokoteni haukimbii mteremkoni. Kitu safi kabisa. Hapa kwetu alishapata hataza, yaani hakuna mwingine anayeruhusiwa kuitengeneza bila ridhaa yake. Sasa kuna kiwanda cha ng'ambo kinaitaka. Wamesema waziwazi: hataza ikikubaliwa kwao, wataingia naye mkataba. Ikikataliwa, wataitengeneza hivyo hivyo, michoro si wanayo? Na kaka ataishia kuiona breki yake kwenye picha.

Mwandishi wa madai yake ni mimi, mdogo wake. Dai ni ile sentensi inayosema ni kitu gani hasa kilicho chako; ni kama uzio wa kiwanja. Sentensi ni moja tu, hata ikijaza ukurasa, na nukta ni moja, mwisho kabisa. Bosi wetu anaiamini hiyo nukta kuliko anavyowaamini binadamu, ndiyo maana tunamwita Bwana Nukta. Hajui. Au anajua na anafurahia.

Jumanne, 4 Machi

Nimezisoma zile barua na kichwa kinaniuma.

Ofisi ya kwanza nimeipa jina la Nusu-Nusu. Hao wanataka dai likatwe vipande viwili. Nusu ya kwanza useme yale yanayojulikana tangu zamani, halafu uandike "na sifa yake mpya ni kwamba", ndipo useme la kwako. Kila kifaa kifuatiwe na namba yake ya mchoro ndani ya mabano: mpini (3), gurudumu (5). Ukisahau bano moja wanakurudishia kazi nzima.

Ofisi ya pili, ambayo ndiyo ya nchi ya kile kiwanda, ni Mfululizo. Hao wanataka vitu vitajwe moja kwa moja kama mtu anayeorodhesha mahitaji ya dukani, mpini na gurudumu na kufuli, bila kusema kipi kipya na kipi kikuukuu. Namba za kwenye mabano wanaziona uchafu.

Ofisi yetu ya hapa haina makuu. Wao wanataka nakala tatu na mhuri ambao haujakaa upande.

Breki ni hiyo hiyo moja! Chuma ni kile kile! Lakini kila mlango unaobisha hodi wanakuambia umevaa vibaya, nenda kabadilishe.

Jumatano, 5 Machi

Mvua.

Jumamosi, 8 Machi

Hata nyumbani sipumziki. Naishi kwenye chumba cha uani kwa kaka, na njia ya kwenda kwangu inapita mlangoni kwa wifi. Leo nimekuta kokoteni lake kuukuu limeegeshwa katikati ya njia, na mimi nimebeba beseni la nguo nilizowahi kuzianua. Nikalisukuma kwa nyonga. Halikwenda. Nikalisukuma kwa bega. Ng'o! Nikalipiga teke, nikaumia mimi.

Wifi alikuwa dirishani ananitazama, na kicheko kimembana. "Kamata mpini, wifi!"

Nimezunguka nyuma ya nyumba na beseni langu, nimeingia kwenye tope mpaka vifundoni. Yaani kaka amewafungia breki yake hadi kwenye gari la taka. Na yule wifi naye, mtu mzima, badala ya kuja kulitoa anacheka.

Nimwandike vizuri huyu, maana ataniua kwa presha. Wifi ni mke wa kaka, ana maneno machache na yote yanachoma. Anachechemea kidogo mguu wa kulia. Kaka aliniambia alijikwaa. Hana kazi ya ofisini, ila hakuna jambo la ofisi yangu asilokuwa na swali nalo.

Jumanne, 11 Machi

Nimekwenda karakana kwa kaka. Pale mlangoni pamepakwa rangi maandishi makubwa: MVUMBUZI. Mtaa mzima siku hizi wanamwita hivyo, na ukimwita jina lake hageuki.

Nikamwambia, "Kaka, wale wa Nusu-Nusu wanataka nitenganishe. Katika breki hii, kipi kilikuwepo kabla, na kipi ni chako?"

Alikuwa amevaa kinyago cha kuchomelea. Hakukivua.

"Mkokoteni ulikuwepo," akasema. "Gurudumu lilikuwepo."

"Hilo najua. Na mpini unaorudi?"

Akawasha moto, akachomelea kitu ambacho mimi nilikiona kimeshachomelewa. Halafu akazima.

"Mpini ulikuwepo. Mimi nimeongeza springi na kufuli."

"Ulikuwepo wapi?"

"Ulikuwepo, bwana. Si umeniuliza, nimekujibu? Andika."

Nikaandika. Nimeshangaa kidogo, maana mimi siku zote nilidhani mpini ndio moyo wa kitu chenyewe. Lakini mwenye mali kasema. Dai letu la hapa nyumbani lilikuwa la moja kwa moja, wala halikumwuliza mtu kipi cha zamani, kwa hiyo hata mimi sikuwahi kumwuliza.

Ijumaa, 14 Machi

Nimemaliza dai la Nusu-Nusu. Mpini (3) uko nusu ya kwanza, kwa wazee wenzake. Springi (7) na kufuli (8) wako nusu ya pili, kwa vijana. Mabano yote yamefungwa. Bwana Nukta amelisoma, akaweka kidole juu ya nukta ya mwisho kama anayebonyeza kengele, akasema, "Safi."

Jumatatu, 17 Machi

Leo wifi kaja ofisini na mwavuli unaochuruzika, kuleta michoro ambayo kaka aliisaini akaisahau kitandani. Nikamshukuru nikitegemea ataondoka. Wapi! Akavuta kiti, akachukua lile dai mezani, akalisoma lote midomo ikicheza.

"Wifi, hapa mwanzo mmeandika mpini ni wa zamani."

"Ndiyo. Hiyo ndiyo nusu ya vitu vinavyojulikana."

"Zamani ya nani?"

"Zamani ya kisheria, wifi."

"Hiyo zamani ya kisheria ina mwenyewe, au haina?"

Jamani, mtu una kazi imekaa mezani, ndoo inajaa, bosi anakuangalia juu ya miwani, na wifi anakuuliza zamani ni ya nani. Nilimwambia mambo haya yamesomewa. Akasema, "Haya, msomi wangu," akakunja mwavuli juu ya karatasi zangu, akaenda zake. Nimekausha karatasi kwa pasi.

Alhamisi, 20 Machi

Bwana Nukta ameniita. Anataka dai hilo hilo la Nusu-Nusu, tukishatoa mabano, liende na kwa Mfululizo.

"Dai moja dunia nzima, mama. Huo ndio usafi."

Nikamwambia, "Bosi, kule ni hatari. Kwa Nusu-Nusu, kutanguliza kitu ni kupanga tu. Kwa Mfululizo ni kukiri. Ukikiweka mbele ya 'sifa yake mpya ni', umekubali kwa mkono wako kwamba ni cha zamani. Mkaguzi hahitaji tena kutafuta ushahidi."

"Kwani si cha zamani?"

"Kaka amesema kilikuwepo."

"Basi unaogopa kukiri ukweli?"

Hapo ndipo ninapojichukia: mtu ananizidi kwa hoja mbovu, na mimi nabaki nimefumba mdomo, jibu linanijia nikishafika nyumbani. Dai limetumwa.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua. Jibu limenijia. Sasa lina faida gani?

Jumatano, 2 Aprili

Wifi kaja tena ofisini, safari hii anasingizia kupita. Akauliza, "Ule mpini bado uko kule mbele?" Nikamwambia bado uko. Akasema "Mm." Hiyo "mm" ya wifi ingefaa iandikiwe dai lake peke yake.

Jumapili, 13 Aprili

Nimemlalamikia kaka kuhusu mkewe. Nikamwambia, mkeo ananiingilia kazi, mwambie. Nilitegemea acheke au amtetee. Hakufanya lolote. Akainama kufunga kamba ya kiatu, na kiatu chenyewe hakina kamba.

Jumatatu, 28 Aprili

Nusu-Nusu wamejibu. Wanasema kwa jumla wanaridhika, isipokuwa bano moja ukurasa wa pili limefunguliwa halikufungwa. Nimelitazama. Ni kweli. Nimetamani kulia.

Jumanne, 6 Mei

Mvua. Paa limetobolewa na fundi aliyekuja kuliziba.

Jumatatu, 12 Mei

Mungu wangu.

Jibu la Mfululizo limefika, na limekuja na kisu. Nanukuu ili niache kulisoma tena na tena: "Mwombaji mwenyewe amekiri kwamba mpini unaorudi na kufunga gurudumu ulikuwa unajulikana. Kuongeza springi na kufuli kwenye mpini wa namna hiyo ni jambo ambalo fundi yeyote wa kawaida angelifikiria. Dai limekataliwa." Tumepewa mpaka mwisho wa Juni kujibu, na baada ya hapo mlango unafungwa.

Nilimwekea Bwana Nukta barua mezani bila neno. Akaisoma. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaisoma tena, labda akidhani uchafu ulikuwa kwenye kioo.

"Nilikwambia," nikasema.

"Usiniambie kwamba uliniambia."

"Lakini nilikwambia!"

Barua ya onyo haikuja. Nadhani hata yeye aliona haya.

Jioni nikaipeleka nyumbani. Tulikuwa tunakula, mimi, kaka na wifi; watoto walishakula na kuondoka. Kaka akaisoma kwa sauti, na alipofika pale akasimama.

"Fundi wa kawaida? Mimi ni fundi wa kawaida?"

"Ni lugha yao tu, kaka. Wanamaanisha fundi yeyote."

"Mimi ndiye fundi yeyote!" Akasukuma sahani. "Wewe si ndiye unayeandika? Umeandika nini?"

"Nimeandika ulichoniambia! Nilikuuliza, ukasema mpini ulikuwepo!"

"Nilisema ulikuwepo. Sikusema unajulikana dunia nzima!"

Wifi alikuwa anakusanya vyombo. Akaviweka chini taratibu.

"Nilikuuliza, wifi. Zamani ya nani?"

Kaka akainuka, akasema anakwenda kuangalia kama geti limefungwa. Geti letu linaonekana kutoka mezani pale, na lilikuwa limefungwa.

"Wifi," nikasema, "ule mpini ni wa nani?"

"Nenda kautazame."

Nikatoka na mwavuli hadi kwenye lile kokoteni kuukuu. Nimelipita sijui tangu lini. Kumbe halina springi wala kufuli. Lina kipande cha mpira wa tairi kilichofungwa kwenye mpini kwa fundo la kufungia mizigo, na gongo lililochongwa kwa kisu cha jikoni, linaloshuka kwenye gurudumu ukiuachia. Mpira umeshapasuka na kufungwa upya, ukapasuka tena, ukafungwa tena. Hiyo si kazi ya kaka. Kaka hafungi kitu, anachomelea. Breki hiyo haikutoka karakana kuja kwenye gari la taka. Ilitoka kwenye gari la taka kwenda karakana.

Niliporudi ndani wifi alikuwa anaosha vyombo. Sikujua nianzie wapi.

"Mbona hukusema wazi?"

"Nilikuja ofisini kwako mara ngapi?"

"Ulikuwa unauliza maswali tu!"

"Na wewe ulikuwa unajibu."

Jumanne, 13 Mei

Nina hasira na kila mtu. Nina hasira na kaka kwa kunyamaza, na wifi kwa kusema kwa mafumbo, na Bwana Nukta kwa usafi wake, na mimi mwenyewe zaidi ya wote. Maana sheria ninaijua. Kitu unachokitanguliza kwenye nusu ya kwanza huhesabika ni cha zamani, isipokuwa kama ni kazi ya mvumbuzi mwenyewe ambayo haijawahi kutoka hadharani. Kazi yako mwenyewe, ya siri, haiwezi kutumika kukupinga.

Ila mvumbuzi tuliyemwandika ni kaka peke yake. Na mpini si kazi ya kaka.

Jumatano, 14 Mei

Nimemweleza Bwana Nukta. Akauliza swali la maana, kwa mara ya kwanza msimu huu: "Huo mkokoteni umewahi kutoka nje? Watu wameuona?"

Nikampigia wifi. "Utatokaje? Kaka yako aliuundia humu humu ndani, ukawa mpana kuliko geti. Tumeshindwa hata kuutupa." Na ukuta wetu ni mrefu, majirani hawaoni kitu. Nilimshukuru Mungu kwa ujinga wa kaka wa kupima.

Basi Bwana Nukta akakuna kidevu. "Njia ni fupi. Kaka yako asaini tamko kwamba mpini ni kazi yake mwenyewe, haikutoka nje. Yamekwisha."

"Lakini si yake."

"Mama, ni mke wake. Kitu kimebaki nyumba ile ile."

Nikamwambia tamko la uongo likigundulika hataza nzima inaanguka. Hiyo ndiyo sababu niliyomtajia. Ya pili niliificha: nilimkumbuka wifi na mwavuli wake, na mimi namwambia mambo haya yamesomewa.

Ijumaa, 16 Mei

Nimemfuata kaka karakana. Nimemwambia kuna njia moja tu ya haki: wifi aandikwe mvumbuzi pamoja naye. Amekataa.

"Watu watasema nimeiba kwa mke wangu."

"Hukuiba?"

"Mimi sijawahi kusema mpini ni wangu! Uliponiuliza nilikwambia ulikuwepo!"

"Ndiyo. Hukusema ni wako. Na hukusema ni wake. Ukautupa kule kwenye mambo ya zamani, pamoja na gurudumu."

Akashusha kinyago usoni. Nikamwambia safari hii sitasubiri azime moto, nikaondoka.

Njiani nikawa nawaza. Kaka si mwongo, hilo nalijua tangu utotoni, alikuwa akichapwa kwa kushindwa kuongopa. Aliogopa kusema "ni wangu", akaona haya kusema "ni wa mke wangu", na ile nusu ya kwanza ya dai ikampa mahali pa kujificha. Kama si wale Nusu-Nusu na makuu yao, hakuna ambaye angemwuliza. Nimewalaani miezi mitatu, kumbe ni wao tu waliouliza swali lile lile la wifi.

Jumapili, 25 Mei

Kaka hasemi na mimi. Wifi anasema na wote wawili kama kawaida, jambo ambalo linaudhi zaidi.

Jumanne, 3 Juni

Mvua imeanza kuchoka. Mimi nilishachoka.

Jumatatu, 9 Juni

Bwana Nukta hakunisikiliza. Ameandaa lile tamko lake fupi, jina la kaka peke yake, na amempigia kaka simu aje kusaini. Nimejua kaka alipotokea mlangoni, amevaa shati la kwenda harusini.

Bosi akamsogezea karatasi na kalamu. "Hapa chini tu, fundi. Na kiwanda ni chako."

Nilisimama. Nilitaka kumzuia, nikajiambia hili aliamue mwenyewe. Kaka akasoma. Anasoma polepole, kidole chini ya kila neno. Akafika pale palipoandikwa "mpini uliobuniwa na mimi peke yangu", kidole kikaganda.

"Hii siwezi," akasema.

"Ni saini tu, fundi."

"Hii siwezi, mzee. Mpini si wangu." Akaweka kalamu chini. Akanigeukia, mara ya kwanza tangu tukosane. "Mpigie wifi yako aje."

Jumanne, 10 Juni

Nitaiandika siku ya leo yote, hata mkono ukiuma.

Wifi alikuja asubuhi. Kaka alikuwa ameshafika kabla yake, amekaa pembeni karibu na kabati bovu. Kazi yangu ilikuwa kuandika tamko la wifi: alichobuni, lini, kwa nini, kwa namna gani. Mfululizo wanataka yote hayo, kwa ukweli, na kwa kiapo.

Nikaanza. "Ulibuni mpini huu lini?"

"Ule mwaka uliohamia kwetu. Wiki hiyo hiyo."

"Kwa sababu gani?"

Akamtazama kaka. Kaka akatazama ndoo.

"Andika tu mkokoteni ulikuwa unarudi nyuma kwenye mteremko."

"Lazima niandike tukio, wifi. Mkaguzi atataka kujua wazo lilitoka wapi."

"Ulinirudia nikiwa naupandisha kutoka getini hadi nyumbani, mle mle uani. Nilitaka kupumzika kidogo, nikaachia. Ukanipanda mguu. Kidole kikavunjika, na hakikuunga vizuri." Alisema hivyo kama anayesimulia ya mtu mwingine. "Nikalala siku kadhaa. Nikiwa kitandani nikawaza, kwa nini mkono ukiachia, gari lisisimame lenyewe? Nilipoinuka nikatafuta mpira."

Nilikuwa naandika haraka. "Mkokoteni ulikuwa na mzigo gani?"

Akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

"Wifi, mzigo. Wanataka uzito, mteremko, hali yote."

"Masanduku."

"Masanduku ya nini?"

"Vitabu," akasema kaka kutoka pale pembeni. Sauti yake ilikuwa nzito. "Vitabu vyako. Siku ile uliyohama uliyaacha masanduku getini, ukasema unachelewa ofisini. Mvua ilikuwa inakuja. Akasema vitalowa."

Kalamu ilisimama. Nilivikumbuka vitabu hivyo. Ni vitabu vya sheria za hataza, namna ya kuandika madai nchi kwa nchi, viko juu ya kabati langu hadi leo. Nilirudi jioni ile nikavikuta vimepangwa chumbani, vikavu. Nikauliza wifi yuko wapi, nikaambiwa amelala, alijikwaa. Nikasema pole, nikaenda kuoga.

Nililia pale pale, mbele ya bosi. Wifi akanivumilia kidogo, kisha akanisukumia karatasi.

"Andika masanduku tu, wifi. Usiseme ya nani."

"Ni tamko la kiapo. Lazima liwe kamili."

"Wameuliza mzigo. Hawakuuliza mwenyewe."

Bwana Nukta, ambaye sikutegemea kitu kwake, akakohoa. "Kisheria yuko sahihi," akasema, akaenda kusimama dirishani na mgongo ametugeuzia.

Nimeandika masanduku. Kaka akaja akasaini tamko lake: springi na kufuli ni vyake, mpini si wake. Kwenye nafasi ya wavumbuzi nilikuwa nimeacha mistari miwili mitupu. Akaandika jina la mkewe mstari wa juu, kwa herufi kubwa zile zile za mlangoni karakana, na lake chini. Wifi akalitazama, akasema, "Umekosea herufi moja." Akairekebisha mwenyewe.

Jumatano, 11 Juni

Nimeliandika upya dai la Mfululizo: mpini unaoinuka ukiachwa, gongo, gurudumu, springi, kufuli, vyote kwa mstari mmoja, hakuna kikuukuu wala kipya, na tamko limeambatishwa. Nukta moja mwishoni. Bwana Nukta hakuigusa. Alisema tu, "Tuma."

Jumapili, 15 Juni

Kaka amepaka rangi upya mlango wa karakana. Amefuta lile neno na hajaandika kitu. Anasema bado anafikiria aandike nini ili wote wawili watoshee.

Jumatatu, 30 Juni

Hakuna mvua leo. Ndoo imekauka, nimeshindwa kuizoea.

Mfululizo wamejibu mapema kuliko nilivyotarajia. Wamelikubali. Mkaguzi ameandika kwamba kwa kuwa mpini ni kazi ya mmoja wa wavumbuzi na haukuwahi kutoka hadharani, pingamizi lake ameliondoa. Kiwanda hakina ujanja sasa, kitakuja kusaini na watu wawili.

Nusu-Nusu nao wameandika. Tuliwaarifu kuhusu mvumbuzi mpya, na wanasema sawa, ila sasa mpini uhamie nusu ya pili, namba zote zipangwe upya, na mabano yote yaandikwe tena tangu mwanzo. Nimepiga ukelele mmoja ofisini. Bwana Nukta akanisogezea karatasi mpya.

Nimekimbia nyumbani na barua. Wifi nilimkuta getini, anapakia mchanga kwenye kokoteni lake. Nikamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, akaomba nimrudie pale penye "mmoja wa wavumbuzi", nikamrudia, akasema "Mm." Kisha akaendelea kupakia mchanga, na koleo zima likamwagikia nje.

"Niachie mimi leo," nikamwambia. "Wewe kaa."

Nikaenda nyuma ya kokoteni, nikaweka bega, nikasukuma kwa nguvu zangu zote. Ng'o.

"Kamata mpini, wifi," akasema.

Nikaukamata. Likaenda.